Kitambulisho Hakina Magurudumu

Nasema wazi tangu mwanzo, ili asiyependa ugomvi aondoke mapema. Mtoto anayemnyang'anya mzazi wake mzee leseni ya kuendesha gari kabla ya kumwambia nani atakuwa akimpeleka anakokwenda, huyo ni mwizi. Na mtoto anayemwachia mzazi huyohuyo usukani, ilhali anajua kwamba macho yake hayatoshi tena, kwa sababu tu anaona haya kumwambia, huyo ni mshirika wa mauaji ambayo bado hayajatokea. Mimi nimekuwa wa aina zote mbili. Nilianza na ya pili, nikaingia ya kwanza, na yote yalinichukua wiki tano.

Tunaishi California, mashariki ya Los Angeles, katika mtaa ambao hata maziwa huwezi kuyafuata kwa miguu. Baba alikuja kwetu mwaka 2006 akiwa na miaka 59. Hakuja kustarehe. Mimi na mume wangu tulikuwa tumepata mtoto wa kwanza. Mimi nilikuwa nikifanya zamu za usiku hospitalini, yeye akifanya kazi kwenye ghala la mizigo, na malezi ya kulipia yalikuwa yanameza mshahara mzima wa mmoja wetu. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Tukampigia Baba simu Mombasa, tukamwambia: njoo upumzike. Kila aliyewahi kumwita mzazi wake Marekani anaijua maana halisi ya neno hilo.

Baba alikuwa dereva wa lori. Kwa miaka 26 alibeba mizigo kutoka bandarini Mombasa hadi Malaba, na mara nyingine akavuka hadi Kampala. Mizani ya Mariakani, Voi, Mtito Andei, mteremko wa Salgaa uliokula wenzake: hayo ndiyo majina niliyokua nikiyasikia mezani. Leseni yake ya Kenya ilikuwa kile kitabu chekundu cha zamani, kilichobandikwa karatasi za kuhuisha moja baada ya nyingine hadi kikavimba. Alikuja nacho. Hapa hakikumfaa kitu. Ilimbidi afanye mtihani upya kama kijana wa miaka 16, tena ajifunze kukaa upande wa kulia wa barabara baada ya kukaa kushoto maisha yake yote. Alipita mara ya kwanza. Leseni mpya akaitia kwenye pochi, na kitabu chekundu akakiweka kwenye droo ya kando ya kitanda pamoja na tasbihi.

Kuanzia mwaka 2011 mtoto wetu wa kwanza alipoanza shule, hadi mwaka 2024, Baba ndiye aliyekuwa akiwapeleka wajukuu na kuwarudisha. Watoto watatu, kwa zamu zao. Hapa mwaka wa shule una siku 180. Nilikaa siku moja nikapiga hesabu: safari mbili kwa siku, siku 180, miaka 13. Ni safari 4,680. Toa siku za mafua na za likizo za ghafla, bado hazipungui 4,000. Naomba uikumbuke namba hii, maana nitairudia.

*

Jioni moja ya Novemba 2024, mdogo wetu wa miaka saba alirudi nyumbani, akavua mkoba wake, akaniambia huku anafungua friji: "Mama, leo Babu aliendesha upande wa Kenya."

Mwezi Novemba, saa zikisharudishwa nyuma, jua huku huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Baba alikuwa amemchukua mtoto kwenye masomo ya ziada, giza limeingia. Kwenye taa za barabara kuu akakata kushoto, na badala ya kwenda kukamata njia zetu za upande wa kulia, akaingia kwenye zile za kushoto, zenye magari yanayokuja. Miaka 18 ya kukaa kulia ilifutika kwa sekunde chache, na ile miaka mingi ya kushoto ikarudi. Magari yaliyokuwa yanakuja yalikuwa bado mbali. Akapanda kwenye ukingo, akasimama, akawasha taa za dharura, akageuza. Hakuna aliyeumia.

Nilimtazama Baba. Alikuwa jikoni akijimiminia chai. Mkono wake ulikuwa umetulia. Nikamuuliza habari za njiani, akasema njia nzuri. Nikasema Alhamdulillahi. Hayo ndiyo yote niliyoyasema, mimi muuguzi, niliyeshika mikono ya watu walioletwa kutoka kwenye ajali za aina hiyohiyo. Asubuhi iliyofuata nikamkabidhi mtoto wangu tena.

Hapa ndipo ugomvi wangu wa kwanza unapoanzia, na ni ugomvi na sisi wenyewe. Sisi tuliolelewa Pwani, au Bara, au popote ambapo mtoto hamwangalii mzazi usoni anapokaripiwa, tumeliita hilo kuwa ni adabu. Nani atamwambia Baba? Wewe ni nani wa kumkosoa aliyekufundisha kutembea? Kwenye kundi letu la WhatsApp la familia, dada yangu aliye Mombasa aliandika: "Mwacheni Baba. Mkimtoa kwenye gari mtamvunja moyo." Akapata alama za moyo kutoka kwa mashangazi wanne.

Adabu ya namna hiyo inalipiwa na watu wasiohusika. Tarehe 16 Julai 2003, huko Santa Monica, si mbali sana na tunapokaa, mzee wa miaka 86 alikanyaga mafuta akidhani anakanyaga breki, akapita katikati ya soko la wakulima lililojaa watu. Wakafa watu 10, wengine zaidi ya 60 wakajeruhiwa. Mahakama ikamtia hatiani, na kwa sababu ya umri na afya yake hakufungwa jela. Hakuwa mlevi, wala hakuwa na nia mbaya na mtu. Ukisoma habari ile huwezi kumchukia. Unachobaki nacho ni swali moja: siku zilizotangulia, nani alikuwa ameketi karibu naye akinywa chai?

Najua jibu litakalokuja, maana nimeshalisikia: umri si ugonjwa, na vijana ndio wanaosababisha ajali nyingi. Kweli kabisa. Ndiyo maana sisemi kwamba mtu anyang'anywe leseni kwa sababu ya mwaka aliozaliwa. Hapa California ukifika miaka 70 huruhusiwi kuhuisha leseni kwa kukaa nyumbani na kubonyeza kompyuta. Sharti ufike mwenyewe ofisini upimwe macho. Hilo ni jambo la haki, na nalikubali. Lakini kati ya kipimo na kipimo kuna miaka mitano. Ofisi haimwoni mzee akirudi nyumbani na mkwaruzo mpya kwenye bampa. Wewe unauona. Ukinyamaza, umechagua, hata kama unajidai hujachagua.

*

Baada ya wiki tatu kunyamaza kukanishinda. Badala ya kusema, nikadanganya. Hili ndilo kosa la pili, na naona ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu linajivika nguo za huruma.

Wazo lilikuwa la kaka yangu anayeishi Minneapolis. Aliniambia ndivyo wanavyofanya Wamarekani: chomoa waya wa betri, mwambie fundi anasubiri kipuri, siku zinapita, mzee anasahau. Wengine huuza gari mzee akiwa amelazwa. Mimi nikaona nisiiguse betri. Nikachukua ufunguo wa gari, nikautia kwenye mkoba wangu wa kazini, na Baba alipouulizia nikasema sijauona. Watoto nikawatafutia mwenzangu wa kazini awapeleke.

Baba akautafuta. Siku ya kwanza alipekua mifuko ya makoti yote. Siku ya pili akahamisha kochi, akainua mazulia, akauliza watoto kwa upole, akaangalia hadi ndani ya friji. Siku ya tatu nilirudi kutoka zamu asubuhi nikamkuta ameketi kitandani, droo ya kando ya kitanda ameimwaga yote juu ya shuka: tasbihi, miwani ya zamani, kitabu chekundu, risiti, picha za Mama. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mwanangu, nadhani na mimi nimeanza. Kama ami yako. Naye alianza na funguo." Kisha akasema, "Usiwaambie wenzako kwanza."

Ami yangu alikufa akiwa hawajui wanawe.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, mkoba begani, ufunguo ndani ya mkoba. Baba hakuwa amesahau kitu. Mimi ndiye niliyemfanya mtu mwenye akili timamu aamini kwamba akili inamtoka. Kwa siku tatu alikuwa ameishi na msiba huo peke yake, chini ya dari yangu, na mimi nilikuwa naona nimefanya busara kwa sababu hakukuwa na kelele.

Nikautoa ufunguo nikauweka juu ya shuka. Aliutazama kwa muda mrefu. Akasema, "Bora ungenitukana."

Enyi mnaopeana mashauri ya kuchomoa waya na kuficha funguo, fikirini mnachokifanya. Mzee aliye na dalili za kusahau anahitaji, kuliko mtu mwingine yeyote, watu wasiomdanganya kuhusu mahali vitu vilipo. Mzee asiye na dalili hizo anahitaji kuambiwa ukweli kama mtu mzima. Katika hali zote mbili, ujanja wako unamnufaisha mtu mmoja tu, naye ni wewe, usiyetaka kukaa kwenye chumba kimoja na hasira ya baba yako.

*

Ilikuja, hasira hiyo. Siku mbili hakula kwangu. Siku ya tatu aliniita akaniambia nikae.

Kumbe alijua. Alijua kabla ya Novemba, kabla yangu. Aliniambia kwamba kwa mwaka mzima alikuwa amejiwekea sheria ya kutokata kushoto. Hapa Marekani kukata kulia ni rahisi, unafuata ukingo tu. Kukata kushoto ni lazima uyapishe magari ya mbele, ukadirie mwendo wao, kisha uvuke. Baba alikuwa ameshaona kwamba hawezi tena kukadiria. Kwa hiyo alikuwa akizunguka mitaa, kulia, kulia, kulia, hadi anafika alikokuwa anakwenda. Ndiyo maana mafuta yalikuwa yanaisha haraka, nami nilikuwa namlaumu fundi. Jioni ile alichelewa, mtoto alikuwa analia njaa, akaivunja sheria yake mara moja.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwa swali: "Ningesema, halafu? Nyinyi mnatoka alfajiri. Msikiti uko maili 11. Hapa hakuna basi, hakuna tuktuk, hakuna hata jirani wa kumwambia nisogeze. Ningesema, halafu nikae humu ndani na televisheni ningojee kufa?"

Sikuwa na jibu. Jibu lenyewe ndilo kiini cha makala hii.

Marekani ina jibu rasmi, na ni zuri kwa kadiri yake. Ukirudisha leseni unapewa kitambulisho cha jimbo. Jimbo la New York linakiita waziwazi kitambulisho cha asiyeendesha. Hapa California aliyefikisha miaka 62 anapewa bure, na kinadumu miaka 10. Kinakubalika benki, kinakubalika duka la dawa, na kikiwa cha kiwango kile kipya cha taifa kinachoitwa REAL ID, kinampandisha mtu kwenye ndege ya ndani ya nchi. Kuanzia tarehe 7 Mei 2025 wanakagua hilo viwanjani. Kadi moja tu ya aina hiyo ndiyo inayoruhusiwa kwa mtu mmoja, ama iwe leseni, ama iwe kitambulisho. Unachagua.

Sasa linganisha na kwetu. Kenya unapofikisha miaka 18 unachukua kitambulisho cha taifa. Leseni ni jambo jingine kabisa, ni cheti cha ufundi. Dereva akistaafu usukani, jina lake linabaki mfukoni palepale lilipokuwa. Marekani haina kadi ya taifa ya namna hiyo, kwa hiyo leseni imebeba kazi zote mbili: inasema unaweza kuendesha, na inasema wewe ni nani. Ndiyo maana mzee akiambiwa airudishe anasikia kama anaambiwa arudishe jina. Na kadi anayopewa badala yake, hata isipoandikwa hivyo, inamtambulisha kwa kitu asichokifanya tena.

Lakini kubishana juu ya jina la kadi ni kuikwepa mada. Kadi haina magurudumu. Serikali imempa Baba uthibitisho kwamba yupo, haikumpa njia ya kutoka alipo.

Na hili si bahati mbaya. Vitongoji kama chetu vilijengwa kwa sheria. Sheria za mipango miji zilitenga nyumba huku, maduka kule, kazi kwingineko, na zikalazimisha kila jengo liwe na uwanja wake wa kuegesha magari. Ukiishi humo bila gari unaishi kisiwani. Ipo sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu, inayozitaka mamlaka za mabasi kuwa na huduma ya gari dogo linalomfuata mlangoni mtu asiyeweza kupanda basi. Nilifurahi nilipoisoma. Kisha nikasoma masharti. Huduma hiyo inalazimika kufika robo tatu ya maili tu kutoka kwenye njia ya basi. Pasipopita basi, hawana wajibu wa kukufuata. Tena unaomba siku moja kabla. Mzee akitaka kwenda maziko leo, basi marehemu angemwarifu jana.

Februari 2019, Mwanamfalme Philip wa Uingereza, akiwa na miaka 97, alirudisha leseni yake kwa hiari, wiki chache baada ya kugongana na gari lenye wanawake wawili na mtoto mchanga. Magazeti yakamsifu, yakasema wazee wengine waige. Waige nini? Mtu yule alikuwa na madereva. Hakupoteza hata safari moja. Kumtaka mzee wa mtaani kwetu aige mfano huo ni kumtaka atoe sadaka ambayo mwenye kasri hakuitoa.

*

Kwa hiyo tulipatana, mimi na Baba, kama alivyokuwa akipatana na wenye mizigo. Masharti yalikuwa yake.

Kwanza, apimwe na mtu asiyemjua. Alisema hataki kuhukumiwa na mtoto aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Daktari wake akamwelekeza kwa mtaalamu anayepima uwezo wa kuendesha: macho, wepesi wa kufikiri, kisha barabarani ndani ya gari lenye breki mbili. Ilitugharimu pesa, na ningezilipa tena. Jibu lilikuja kwenye karatasi: asiendeshe. Baba alilisoma mara mbili, akalikunja, akasema, "Huyu kijana anajua kazi yake." Kutoka kwangu maneno hayohayo yangekuwa tusi.

Pili, safari ziandikwe kabla hajarudisha leseni, na kila safari iwe na jina la mtu kando yake. Akasema, "Abiria hashushwi porini. Unamshusha stendi, anapanda lingine." Tukaandika. Ijumaa, msikitini: mimi, nimebadilisha zamu. Duka la samaki, Jumamosi: mume wangu. Kinyozi: mjukuu mkubwa, ambaye sasa ana leseni yake. Rafiki yake wa Tanga anayekaa maili 20 kutoka kwetu, mara mbili kwa mwezi: gari la kukodi kwa simu, kwa pesa za kaka yangu wa Minneapolis. Daktari: mimi. Bahari, mara moja kwa mwezi, bila sababu: zamu kwa zamu. Kaka alilalamika kuhusu gharama. Nikamtumia ile namba: safari 4,000. Nikamwambia, tukimlipa Baba kwa Ijumaa moja kila wiki, deni litachukua miaka 76. Alituma pesa.

Tatu, airudishe mwenyewe kwa mkono wake.

Januari tulikwenda. Baba alivaa koti. Dirishani aliitoa leseni kwenye pochi, akaifuta kwa kidole gumba, akaisukuma mbele. Wakamchukua alama ya kidole, wakampiga picha. Akauliza hiyo mpya itakwisha lini. Mhudumu akamwambia miaka 10. Baba akahesabu, akacheka: atakuwa na 87. "Leseni mlinipa miaka mitano," akasema. "Kumbe nikikaa tu mnanitarajia zaidi." Mhudumu naye akacheka. Kitabu chekundu kiko bado kwenye droo. Hicho hakuna aliyekiomba.

Sitaki umalize kusoma ukidhani mambo yalikwisha vizuri. Mwezi Machi, Ijumaa moja, mwenzangu aliugua nikabakishwa kazini. Nilisahau kupiga simu. Nilirudi saa tisa alasiri nikamkuta Baba sebuleni, kanzu nyeupe, kofia ya kushona kwa mkono, amekaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, viatu miguuni. Alikuwa amekaa hapo tangu saa sita mchana. Hakusema neno. Alivua viatu, akaenda kubadilisha nguo.

Hiyo ndiyo bei, na inalipwa kila wiki, na kuna wiki utashindwa. Kama huiwezi, sema huiwezi, mtafute mwingine, hamia karibu na msikiti, au hamia karibu na basi, au nenda kwenye kikao cha halmashauri ya mji uwaulize basi liko wapi. Mimi nimekwenda mara mbili. Tulikuwa watu sita, na wengi wao walikuwa na umri wa Baba. Vijana hamkuwepo.

Wewe unayesoma haya ukiwa na miaka ishirini na kitu au thelathini, iwe uko Columbus, au Nairobi, au Dar es Salaam ambako baba yako bado anaendesha usiku kutoka Kibaha na hakuna anayethubutu kumwambia, nakuomba jambo moja. Kabla hujaugusa ufunguo wake, chukua karatasi. Andika kila mahali anapokwenda kwa mwezi, hata pale unapodhani hapana maana. Andika jina la mtu kando ya kila safari, na jina la kwanza liwe lako. Halafu mpelekee hiyo karatasi, kaa chini, umwambie ukweli.

Sisi yetu tumeibandika kwenye friji. Ijumaa hii ni zamu yangu, na nimeweka kengele ya simu saa tano na nusu.